Plagini Imegoma Kuingia? Usifute Programu Nzima Kwanza

Wengi mmenizoea nikieleza kupogoa mibuni, kutandaza nyasi kwenye kibanja au kupambana na mnyauko wa migomba. Leo nazungumzia kompyuta, lakini sijahama fani. Ramani ya shamba sasa ni sehemu ya kilimo cha kahawa, na programu za kuchora ramani hukwama mara nyingi mahali pamoja: pale unapotaka kuziongezea plagini.

Plagini ni programu ndogo inayopachikwa ndani ya programu kubwa ili kuipa uwezo ambao haikuwa nao. Fikiria kubebesha parachichi. Una shina la mparachichi wa kienyeji, unalibebesha kikonyo cha Hass. Kikonyo hakiishi peke yake. Kinahitaji shina linalokikubali, kipachikwe mahali sahihi, na kipate maji. Kikikauka, hung'oi mche mzima ukautupa. Unakitazama kwanza ujue kimekaukia wapi.

Kwa nini jambo hili linamgusa mkulima wa Muleba na Bukoba

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha Kanuni namba 2023/1115. Kwa upande wa kahawa, kanuni hiyo inataka shehena inayoingia kwenye soko lao ijulikane imetoka mashamba gani, na mashamba hayo yasiwe yametokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba linalozidi hekta 4, yaani karibu ekari 10, linatakiwa kuchorwa mipaka. Shamba dogo kuliko hapo linaweza kuoneshwa kwa nukta moja. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa mbele zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kukusanya nukta haiwezi kusubiri siku ya mwisho.

Vibanja vyetu vingi ni vidogo, kwa hiyo nukta moja inatosha kisheria. Shida ni kwamba nukta hiyo ni tarakimu tu. Muleba mjini ni takriban nyuzi 1.84 kusini na 31.65 mashariki, na kwenye kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa: -1.84. Mwandishi akisahau alama hiyo, shamba la Muleba linahamia Uganda, jirani na Masindi. Akibadilisha nafasi za tarakimu, ya mashariki ikaandikwa kwanza, shamba linahamia Algeria. Isitoshe, kahawa yetu inaota chini ya migomba na miti ya kivuli, na ikitazamwa kutoka angani inaweza kudhaniwa ni msitu. Ndiyo maana chama kinahitaji mtu wa kukagua nukta moja moja juu ya picha ya setilaiti kabla ya orodha kutoka mkononi.

Programu inayotumiwa sana kwa kazi hiyo ni QGIS. Ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2002 na Mmarekani Gary Sherman, na ndani yake kuna lugha ya kompyuta iitwayo Python. Mtu yeyote anayeijua Python anaweza kuandika plagini na kuigawa kwa wengine. Hiyo ni neema kubwa, na pia ndiyo sababu plagini hukwama kwa njia nyingi.

"Bwana shamba, mashine imekataa"

Karani mmoja wa chama cha msingi wilayani Muleba alinipigia simu akiwa amebakiza siku mbili kukabidhi orodha ya wanachama.

"Shikamoo bwana shamba. Mashine imekataa."

"Marahaba. Imekataa kwa maneno gani?"

"Imeandika Kiingereza kirefu, nimeifunga. Sasa naifuta QGIS yote niipakue upya."

"Usiifute. Jaribu tena, halafu nisomee ilichoandika, neno kwa neno."

Faili la kusimika QGIS kwenye Windows ni zito, hufikia gigabaiti moja au zaidi. Kwa bando la kijijini, hiyo ni fedha na ni usiku mzima. Na kama ugonjwa hauko ndani ya programu, ukimaliza kuipakua utakuta ugonjwa uko palepale.

Wenzangu wa ugani mtakumbuka mnyauko bakteria wa migomba ulivyotutesa mkoani kwetu. Mwanzoni ushauri ulikuwa kung'oa shina zima pamoja na machipukizi yake yote. Wakulima walichoka, wengine wakakata tamaa. Baadaye utafiti ulionesha kuwa mkulima anaweza kukata mgomba mmoja mmoja unaoonesha dalili, usawa wa ardhi, akichoma kisu kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine, na kurudia ukaguzi mara kwa mara. Kompyuta inataka nidhamu hiyohiyo. Tafuta mgomba unaoumwa, shughulika na huo, kisha kagua tena.

Kijana alinisomea ujumbe. Ulisema mawasiliano salama na tovuti ya plagini yameshindikana. Nikamwomba atazame saa kwenye kona ya kompyuta. Ilionesha mwaka 2016.

Hatua tano, na mahali kila moja inapokwama

Kusimika plagini ni safari ya hatua tano. Ujumbe wa kosa unakuambia umekwama kwenye hatua ipi.

*1. Kompyuta kufika kwenye tovuti ya plagini.* Kama orodha ya plagini haiji kabisa, kagua mtandao kwanza: je, tovuti nyingine zinafunguka? Kisha kagua tarehe na saa. Tovuti salama hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini tuko mwaka 2016 huona cheti cha leo bado hakijaanza kutumika, nayo hukataa. Kompyuta za mtumba huwa na tatizo hili kwa sababu betri yao ndogo ya saa, ile bapa kama sarafu, imekufa. Rekebisha tarehe, kisha nunua betri mpya, la sivyo kosa litarudi kila unapozima mashine.

*2. Kuiona plagini kwenye orodha.* Kama orodha imekuja lakini jina unalotafuta halimo, usidhani imefutwa duniani. Orodha huonesha plagini zinazoendana na toleo lako tu. Plagini zilizoandikwa kwa QGIS 2 hazifanyi kazi kwenye QGIS 3, iliyotoka mwaka 2018, kwa sababu Python yenyewe ilibadilika kutoka ya 2 kwenda ya 3. Hapo ndipo kikonyo kimekosa shina la kukikubali. Pia, plagini za majaribio hufichwa mpaka uweke tiki kwenye mipangilio ya orodha hiyo ili zioneshwe.

*3. Kupakua.* Mtandao ukiwa dhaifu, upakuaji hukatika katikati. Katika mipangilio ya mtandao ya QGIS kuna muda wa kusubiri, unaohesabiwa kwa milisekunde. 60000 ni dakika moja. Weka 180000 upate dakika tatu. Ikishindikana bado, pakua faili la zip la plagini mahali penye mtandao mzuri, kwa simu ukipenda, lihamishie kwenye kompyuta kwa waya, kisha chagua kusimika kutoka kwenye faili la zip. Usilifungue faili hilo wala kulifunga upya kwa mkono. QGIS inatarajia kukuta folda moja ndani ya zip, na ndani ya folda hiyo faili liitwalo metadata.txt. Ukilifungua na kulifunga tena, mpangilio huo huvurugika kwa urahisi na plagini hukataliwa.

*4. Plagini kuwaka.* Hapa utaona maandishi mengi mekundu au meusi. Usiogope wingi wake. Nenda mstari wa mwisho, ndiko jibu liliko. Ukikuta maneno "No module named" na jina mbele yake, maana yake plagini imeingia lakini kuna kifaa cha Python inachokitegemea ambacho hakipo. Kwenye Windows, QGIS huja na dirisha jeusi la amri liitwalo OSGeo4W Shell. Lifungue, andika python -m pip install kisha jina la kifaa hicho. Angalia maelezo ya plagini kwanza, maana jina la kusimikia wakati mwingine hutofautiana kidogo na lile lililotajwa kwenye kosa.

*5. Plagini kuonekana.* Wakati mwingine kila kitu kimekwenda sawa, ila kisanduku mbele ya jina lake hakina tiki. Weka tiki, kisha tafuta kitufe chake kwenye menyu. Ukikosa bado, tengeneza profaili mpya ya mtumiaji ndani ya QGIS na ujaribu humo. Hicho ni kitalu cha majaribio. Plagini ikiota kitaluni, programu ni nzima, na tatizo liko kwenye mipangilio yako ya zamani au linatokana na plagini nyingine mnayogombana nayo. Hapo umeokoa gigabaiti nzima.

Ujumbe ukibadilika, umesonga mbele

Hili ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote. Kijana aliporekebisha tarehe, orodha ilikuja, lakini upakuaji ukakatika. Akanipigia akiwa amenyong'onyea: "Bwana shamba, bado inakataa." Nikamuuliza kama ujumbe ni uleule. Ulikuwa mwingine. Basi haikuwa "bado". Alikuwa ametoka hatua ya kwanza akafika ya tatu.

Watu wengi huacha hapa. Wakiona kosa la pili huamini kwamba dawa ya kwanza haikufanya kazi, wanarudisha kila kitu kama kilivyokuwa, wanajaribu mambo matano kwa pamoja, na mwisho hawajui lipi limesaidia na lipi limeharibu. Badilisha jambo moja. Jaribu. Andika kwenye daftari ulichobadilisha na ujumbe uliopata. Mkulima anayeweka mbolea, dawa na maji ya ziada siku moja hawezi kukuambia mgomba ulipona kwa nini.

Alipata faili la zip kwa simu, akalisimika, na picha ya setilaiti ikatokea chini ya nukta zake. Nukta kadhaa zilikuwa zimekaa Uganda. Wenye mashamba hayo wako Muleba, wamepanda mibuni yao na kuirithi kwa wazee wao, na walikuwa karibu kuingizwa kwenye orodha kama watu wasio na shamba linaloonekana. Aliongeza alama ya kutoa, nukta zikarudi nyumbani.

Tahadhari mbili

Plagini ikishaingia inaweza kufanya karibu kila kitu ambacho wewe unaweza kufanya kwenye kompyuta hiyo, pamoja na kusoma mafaili yako. Kwa hiyo zip iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp na mtu usiyemjua usiisimike. Chukua kutoka kwenye tovuti ya plagini za QGIS au kwa mwandishi wake mwenyewe.

Pili, unapoomba msaada, tuma picha ya ujumbe wa kosa tu. Kata majina, namba za simu na nukta za wakulima zisionekane. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, mkulima aliyekuruhusu kupima kibanja chake hakukuruhusu kukitangaza.

Kwa vijana mnaojifunza kuandika programu

Najua baadhi yenu pale Bukoba mjini mnatumia VS Code au Android Studio wala hamjawahi kufungua QGIS. Hatua ni zilezile: kufika, kuona, kupakua, kuwaka, kuonekana. Saa iliyopotea huzuia cheti popote. Toleo lisiloendana hukataa popote. VS Code nayo hukubali kusimika kutoka kwenye faili lililopakuliwa pembeni, lenye mwisho wa vsix. Na mstari wa maana katika kosa la Python ni ule wa mwisho.

Vyama vyetu vya msingi vinawahitaji. Kijana mmoja anayejua kusoma ujumbe wa kosa kwa utulivu anaweza kuokoa kazi ya msimu mzima ya chama kizima, bila kusubiri mtaalamu apande basi kutoka mjini.

Ukikwama, niandikie mambo manne: toleo la programu yako, tarehe inayoonekana kwenye kompyuta, ujumbe wenyewe neno kwa neno, na jambo la mwisho ulilobadilisha. Kwa hayo manne tutaanza kazi mara moja. Kazi njema, na msisahau kukagua migomba kabla ya mvua.