Fremu ya Baridi: Chumvi, Baiskeli na Jumapili Zetu za Cheshire

Ukimsikia mtu wa Tanga anazungumzia baiskeli, mpe nafasi. Kwetu baiskeli si mtindo wa wikiendi. Mama anakwenda nayo sokoni, mwalimu anakwenda nayo shuleni, na jioni ukishuka Raskazone utawakuta wapenzi wawili kwenye baiskeli moja, mmoja kakaa kwenye karia. Kwa hiyo nilipohamia Manchester kikazi, na mume wangu akanifuata mwaka mmoja baadaye, hatukuulizana tutafanya nini siku za mapumziko.

Tulinunua baiskeli mbili za kiangazi. Fremu za kaboni, nyepesi kiasi cha kuibeba ngazini kwa mkono mmoja, matairi membamba, na hakuna madigadi. Kuanzia Aprili hadi Septemba njia yetu ni moja: tunaanzia Altrincham, tunapita Dunham Massey, tunateremka hadi Knutsford, halafu tunaingia kwenye vijibarabara vya Cheshire. Nchi ile ni tambarare kama meza. Pande zote mbili ni ua wa miti uliokatwa sawasawa, ng'ombe weusi kwa weupe, mashamba yenye nyumba za matofali mekundu, na baa za zamani zenye mbao nyeusi ukutani. Ukikaribia kijiji cha Goostrey unaona kitu cheupe kikubwa kinainuka juu ya miti. Hiyo ni darubini ya redio ya Lovell pale Jodrell Bank, sahani yenye upana wa mita 76, iliyokamilika mwaka 1957. Mara ya kwanza mume wangu alisimama katikati ya barabara akasema, "Mke wangu, hawa wanamsikiliza nani?" Mpaka leo ndipo tunapogeuzia.

Sasa ije Desemba. Jua linachomoza saa mbili na zaidi asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama. Unakwenda kazini gizani, unarudi gizani. Mimi na mwenzangu tuna zamu zisizolingana, kwa hiyo mwanga wa mchana tunaouona pamoja ni wa Jumapili peke yake. Majira ya baridi ya kwanza tulizifunika baiskeli tukakaa ndani, heater na televisheni. Kufikia Februari tulikuwa tunagombana hata kuhusu nani kaacha taa ya chooni. Wanaoishi ughaibuni wanaijua hali hii, na ni mbaya zaidi kwa wawili kuliko kwa mmoja, maana kila mmoja anadhani mwenzake ndiye tatizo.

"Si mwendeshe tu hizo hizo mlizonazo?" Hapana. Sababu ni chumvi.

Barabara inapotabiriwa kufika nyuzi sifuri, malori yanatoka usiku kumwaga chumvi ya mawe ili barafu isishike. Chumvi hiyo si nyeupe kama ya mezani, ina rangi ya udongo, na nyingi ya hapa inatoka chini ya nchi ile ile tunayoendesha. Kusini magharibi mwa Knutsford kuna mji unaitwa Winsford, na chini yake, kama mita 150 kwenda ardhini, kuna mgodi. Waligundua chumvi hiyo mwaka 1844 wakiwa wanatafuta makaa ya mawe! Mgodi ulifungwa 1892, ukafunguliwa tena 1928, na kazi inaendelea. Miji jirani ya Northwich, Middlewich na Nantwich nayo ilikua kwa biashara hiyo hiyo. Kule Northwich walivuta maji ya chumvi ardhini mpaka majengo yakaanza kudidimia, wakabuni nyumba za fremu ya mbao zinazoweza kuinuliwa kwa jeki. Yaani chumvi ya Cheshire ilishakula mji mzima. Itaiogopa baiskeli yako?

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi, keshaona mabati yanavyoliwa. Kaboni yenyewe haipati kutu, lakini bolti zake, bearing zake, cheni na giya vyote ni metali. Maji ya chumvi yakiingia pale chuma kinapogusana na alumini, vile viwili vinaanza kulana kimya kimya. Fundi alitupigia hesabu ya kubadilisha vitu hivyo kila mwisho wa baridi, na tukaona ni bora kuwa na baiskeli ya pili ya kuteseka.

Hapo ndipo mazungumzo magumu yalipoanza. Tuna kiwanja Pongwe, na kila pauni ndani ya nyumba yetu inapimwa kwa mifuko ya saruji. Mume wangu ana vipuri vya baiskeli yake ya zamani, giya, breki na magurudumu, na mimi nina vyangu. Kwa hiyo tulichohitaji ni fremu tu na foko ya mbele. Tukakubaliana pauni 400 kwa zote mbili, na hakuna kuvuka.

Ukianza kutafuta fremu kwa bei hiyo, macho yatakwenda kwenye uzito. Yarudishe. Katika baridi ya hapa uzito ni jambo la mwisho. Jambo la kwanza ni nafasi. Angalia kati ya tairi na fremu, juu na pembeni: je, tairi la milimita 28 litaingia, halafu madigadi yapite juu yake na bado kidole kipenye? Fremu nyingi za mashindano zimetengenezwa kwa breki fupi, ambazo kutoka kwenye tundu la bolti hadi kwenye rimu zinafika milimita 39 hadi 49. Unayoitaka ni ile ya breki ndefu, 47 hadi 57. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndiyo nafasi ya madigadi. Halafu tafuta vijitundu vya skrubu karibu na ekseli, nyuma na mbele, maana madigadi ya kufungia kwa mpira yatakutia aibu katikati ya mvua.

Na madigadi si hiari. Ukiendesha na kundi Jumapili bila madigadi, maji machafu yote ya tairi lako yanaishia mdomoni kwa aliye nyuma. Kwenye kundi letu wanataka hata kipande cha mpira kining'inie mwishoni mwa madigadi ya nyuma. Nilicheka sana nilipoambiwa. Hiyo si ndiyo Phoenix ya baba yangu? Fremu ya chuma, madigadi mapana, na mpira nyuma wenye maandishi. Waingereza wamezunguka kote kwenye kaboni, ikija baridi wanaitaka Phoenix.

Kuhusu chuma au alumini, watu wanabishana kama Simba na Yanga. Chuma kinapata kutu ikiwa rangi imetoka, lakini kinatoa dalili na fundi anaweza kukichomelea. Fremu za zamani za Kiingereza za mabomba ya Reynolds 531, aina iliyoanza mwaka 1935 kule Birmingham, bado zinauzwa mitumba na nyingi ni imara. Ila pima nyuma kati ya masikio ya gurudumu: nyingi za zamani zina milimita 126, na magurudumu ya breki za rimu ya baadaye yanataka 130. Kama fremu ilitengenezwa kwa matairi ya inchi 27 nawe unaweka magurudumu ya 700, rimu itashuka milimita 4, hivyo breki lazima ziwe ndefu kidogo. Alumini haitoi kutu nyekundu, inatoa unga mweupe, na ni rahisi kuipata kwa bei ndogo. Waendeshaji wengi wa kaskazini walipitia fremu za alumini za baridi za Ribble wa Preston au Dolan Preffisio, na zilizotumika zinapatikana. Titani haina shida hizi, ila tungejenga uzio wa kiwanja kwa bei yake. Kaboni ya mtumba mimi siigusi, ufa unaweza kujificha ndani na muuzaji mwenyewe asijue.

Breki za diski ni bora kwenye tope, sikatai. Mchanga na chumvi vinasaga rimu kama msasa. Lakini fremu ya diski inataka magurudumu mengine na breki nyingine, na hapo pauni 400 zimekwisha kabla hujanunua fremu. Kama unaanza huna kipuri hata kimoja, fikiria diski. Kama una vya zamani, vitumie.

Stockport tulimkuta mzee mmoja na fremu nzuri ajabu, ya kijani, 531, bei ya kuokota. Mume wangu tayari alikuwa anaingiza mkono mfukoni. Nikamwomba mzee alegeze bolti na kusogeza nguzo ya siti. Haikusogea. Akajaribu kwa nguvu, akajaribu na mafuta, wapi. Nguzo ya alumini ilikuwa imeshikana na chuma kwa miaka ya chumvi. Tukanywa chai yake, tukaaga. Hilo lifanye kila unapokwenda kuangalia fremu: nguzo isogee, bolti zote zifunguke, na pale ekseli ya pedali inapopita pawe na nyuzi za kufungia, si ya kubana kwa nguvu tu, maana ya nyuzi ni nafuu kubadilisha na haisumbui maji yakiingia. Ukiona tundu dogo la kutolea maji chini yake, furahi.

Kwa sisi wafupi kuna jingine. Mimi nina sentimita 158. Kwenye fremu ndogo yenye madigadi, ncha ya kiatu inaweza kugonga madigadi ya mbele unapokata kona polepole, na barabara ya barafu si mahali pa kujifunza hilo. Kaa juu yake, geuza usukani, tazama mguu. Vipimo vingine nilivichukua kwenye baiskeli yangu ya kiangazi: kutoka pale ekseli ya pedali inapopita hadi juu ya kichwa cha fremu, umbali wa kwenda juu na wa kwenda mbele. Vikikaribiana, mgongo hautalalamika.

Mwisho mume wangu alipata ya alumini kwa pauni 130, ina mikwaruzo kama paka kaipigania. Yangu ni ya chuma, pauni 160, rangi ya samli. Madigadi ya zote mbili yakala pauni 70. Pauni 40 zilizobaki zilirudi kwenye saruji, nikahakikisha mwenyewe. Kabla ya kufunga kitu chochote tulipaka grisi kwenye nguzo ya siti, kwenye nyuzi na kwenye kila bolti.

Jumapili sasa tunatoka saa tatu, barabara ikishapambazuka. Wakati wa kiangazi tulikuwa tunashindana, sasa tunaendesha sambamba pale barabara inaporuhusu, polepole, na tunazungumza. Kuna mambo ya nyumba, ya mama yangu mgonjwa, ya kama tupate mtoto hapa au tusubiri, ambayo sebuleni yalikuwa yanaishia kwenye kununa. Barabarani kila mmoja anatazama mbele, na maneno yanatoka. Tukirudi, kabla ya chai, ndoo ya maji ya vuguvugu na brashi, cheni inafutwa na kupakwa mafuta. Anayesema amechoka sana kuosha, ndiye anayepika.