Upinde wa Treni na Upinde wa Kisarawe

Mjukuu wangu alipewa kazi ya shule ya kuchora zana za jadi. Akachora upinde na mshale, chini yake akaandika: "Hutumiwa na Wahadzabe." Nikamwambia aongeze: "na walinzi wa Kariakoo." Akacheka sana. "Babu, kwani Kariakoo kulikuwa na swala?"

Swala hawakuwapo. Palikuwa na majora ya khanga Mtaa wa Uhuru, misumari na mabati, sukari ilipopatikana, na kila duka lililofungwa magharibi lilikuwa na mtu wake barazani: koti zito, taa ya chemli, boksi lililokunjuliwa, na upinde umeegemezwa mlangoni pamoja na podo. Bunduki ilikuwa mali ya serikali. Mlinzi aliajiriwa na mwenye duka, wakapatana kwa mdomo, naye akaja na silaha yake kama seremala anavyokuja na randa yake. Ikivunjika ni hasara yake. Kwa hiyo alipokwenda kununua alikwenda na macho mawili.

Mtaa wa Nyamwezi, enzi zile nyumba zote ni za chini, za ukumbi katikati na vyumba sita, walikuwapo wauzaji wawili wakitazamana. Mmoja alikuwa Mnyamwezi. Pinde zake zilishuka na treni ya Tabora, zimefungwa mafungu, nyeusi kwa moshi, kwa sababu kabla ya kusafirishwa zilikuwa zimekaa darini juu ya jiko hadi mti ukakauka kabisa. Zilikuwa ndefu, zimenyooka, na ugwe wake ulikuwa wa kano za ng'ombe zilizosokotwa. Ukipita pale barazani asubuhi, harufu ya moshi na mafuta ya kondoo ilikupokea kabla ya salamu. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta yaliyochacha kidogo mahali, huwa nageuka kutafuta pinde.

Wa pili alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, na barazani kwake hapakuwa na upinde hata mmoja wa kuonyesha. Palikuwa na vijiti vya mkole, vingine na magome yake, vimepangwa ukutani kwa umri. Ukitaka upinde anakuchongea wewe, na si mwingine. Ukiwa na haraka anakuelekeza ng'ambo.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo mnaujua. Mnyamwezi alikuwa akiwaambia wateja kwa sauti, ili jirani asikie, kwamba upinde wa Kisarawe ni wa kuangulia nazi. Mzaramo naye hujibu kwamba upinde uliokuja kwa treni umechoka na safari. Sisi watoto tulikaa katikati ya barabara, tukisubiri nani ataingia wapi.

Mlinzi mgeni mjini alivutwa na ule mrefu wa treni. Ulikuwa na sura ya kutisha, na mwizi huanza kuogopa kwa macho. Halafu upinde mrefu haukunjwi kwa ukali; mkunjo wake unagawanyika mti mzima, hivyo hauvunjiki upesi. Mnyamwezi alimfundisha mteja kuuchagua: ushike katikati, unyooshe mkono, fumba jicho moja, utazame kama ugwe unapita sawasawa juu ya mshiko. Ukipita pembeni, upinde una kombo na mshale nao utakwenda kombo. Kisha vuta polepole, mwenzako asimame mbele atazame kama nusu ya juu na nusu ya chini zinakunjika pamoja. Nusu moja ikiwa ngumu, nyingine inabeba kazi ya wawili, na hiyo ndiyo itakayovunjika. Sikiliza pia. Mti mzima huvutika kimya; wenye ufa wa ndani hulia. Lakini ole wako uuachie bila mshale. Nguvu ambayo ingechukuliwa na mshale hurudi ndani ya mti, upinde ukapasuka. Nilimwona mzee yule, mpole wa kawaida, akimpiga kofi la mkono kijana mmoja kwa kosa hilo.

Mzaramo hakufundisha, aliuliza. Unalinda wapi? Baraza ina paa? Paa liko juu kiasi gani? Unakaa au unatembea? Una miaka mingapi? Nilidhani ni umbea wa kizee hadi nilipokuwa mkubwa. Mlinzi wa Uhuru alikaa chini ya paa la bati lililoinama. Akisimama ghafla na upinde mrefu, ncha inagonga bati, mtaa mzima unaamka na mwizi ameshapita. Mwenye kulinda uwanja wa mbao Gerezani hakuwa na shida hiyo. Na mlinzi si mwindaji. Mwindaji huvuta mara moja, anaachia, anafuata damu. Mlinzi huvuta nusu, akasimama hivyo huku akipiga kelele za kumtaka mtu ajitambulishe, na kwa uwezo wa Mungu haachii kabisa. Upinde mzito utamtetemesha mikono mbele ya mwizi. Basi mzee alimpima kwa kamba kutoka kifuani hadi kidole cha kati, akamvutisha jiwe lililofungwa kwenye kapi, kisha akachagua kijiti ukutani bila kumwambia kwa nini amekichagua hicho.

Alichonga kwa panga dogo, halafu kwa kipande cha chupa. Kanuni yake ilikuwa moja: tabaka la mti lililo nyuma ya upinde, upande unaomtazama adui, halikatwi. Likikatwa mahali pamoja tu, ufa utaanzia hapo. Penye kifundo aliacha mti unenepe kidogo, kwa hiyo pinde zake zilikuwa na vinundu, hazikupendeza. Chembe za mishale zilifuliwa Gerezani kutokana na misumari mikubwa. Manyoya aliyapata kwa wauza kanga na kuku wa sokoni.

Masika ndiyo yaliyoamua ugomvi wao kila mwaka. Kano za ng'ombe hazipatani na unyevu wa pwani, zinalegea. Mvua za Aprili zikianza, wateja wa Mnyamwezi walirudi na pinde zao zimelegea, ng'ambo wakicheka. Mzaramo alikuwa ameshahamia nailoni ya wavuvi wa Feri. Mwenziwe alishikilia kano mpaka mwisho, akisema nailoni haina sauti. Nadhani alikuwa na haki. Sauti ya ugwe wa kano usiku, mlinzi akiujaribu kwa kidole, ilitosha kumgeuza mtu njia.

Ukubwani nilisoma habari za meli ya kivita ya Waingereza, Mary Rose, iliyozama 1545 na kuinuliwa kutoka baharini 1982. Ndani yake walikuta pinde ndefu zaidi ya mia. Wataalamu wakashangaa nguvu zilizotakiwa kuzivuta. Sikuona cha kushangaa sana, maana Waata wa Tsavo walikuwa wakiangusha ndovu kwa pinde za nguvu kama hizo, pamoja na sumu, hadi miaka ya 1950 walipoandamwa kama majangili. Lakini hizo ni pinde za vita na za ndovu. Za kwetu zilikuwa za kulinda khanga.

Kilichoziua ni soko zuri. Wengine husema doria za sungusungu, ulinzi wa raia wenyewe, zilianza mjini 1988, lakini sheria iliyowatambua sungusungu ilipitishwa 1989, na Mrema, waziri aliyezihimiza, aliingia Mambo ya Ndani 1990, basi nadhani ni baada ya hapo. Si neno. Ninachokumbuka ni kwamba kila nyumba ilitakiwa kutoa mtu wa doria, na mtu wa doria alitakiwa kuwa na silaha ya jadi. Makarani, wauza mitumba, walimu, wote walimiminika Mtaa wa Nyamwezi. Hakuna aliyefumba jicho moja. Waliuliza bei tu. Pinde zikaanza kuja mbichi, hazijaona moshi, na baada ya miezi michache zilibaki zimepinda hata ugwe ukifunguliwa. Mzaramo aliulizwa kama anaweza kutoa hamsini kwa wiki. Alisema anaweza kutoa mmoja, kama mwenyewe atakuja kupimwa. Wakamwona ana maringo.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Doria ilipoa. Kampuni za ulinzi zikaja na sare, virungu, kisha bunduki. Mnyamwezi alirudi kwao. Mzaramo alichonga michi na miiko kwa muda, akafariki. Wanawe wakauza nyumba, ikapanda ghorofa, na chini yake sasa wanauza vifuniko vya simu. Mlinzi wa pale ni kijana mwenye kiti cha plastiki na simu yenye mwanga mkali usoni, kiasi kwamba mwizi anamwona yeye kwanza. Kamera ziko kila kona. Zinatuonyesha vizuri kabisa namna tulivyoibiwa. Mtaa wa Congo wanauza upinde wa plastiki kutoka Guangzhou, mshale una mpira unaonata kwenye kioo. Watoto wanachagua kwa rangi.

Mwaka jana kijana wa Upanga, mtoto wa rafiki yangu, alikwenda Ziwa Eyasi akarudi na upinde wa Kihadzabe, akaniita nikautazame. Pinde ambazo Wahadzabe huwindia wenyewe si mchezo. Zilipopimwa, wastani wake ulitaka nguvu ya kilo 30 hivi kuvuta. Huu wake niliukunja kwa vidole. Mti mbichi, wa kuuzia wageni, na siwalaumu. Mteja asiyejua kuchagua huuziwa anachostahili. Ulikuwa umetundikwa juu ya televisheni, ugwe umekazwa kabisa. Nilimwambia angalau aulegeze, upinde hauwekwi umevutwa mwaka mzima, unakufa. Akautazama, akanitazama, akasema:

"Shikamoo mzee wangu, lakini ukilegezwa hautapendeza."