Kaka yangu, boom langu na sekunde 18

Najua nimewatupa, wiki tatu sijaandika kitu. Hapana, sijadisco (bado, Mungu ni mwema). Ni test juu ya test, mnajua wenyewe hapa chuo kulivyo. Leo nimekaa kwenye kimbweta tangu saa mbili asubuhi, desa liko wazi mbele yangu na akili haipo kabisa. Akili iko kwenye gari ya kaka yangu. Basi ngoja niwasimulie niitoe, halafu nirudi kusoma.

Kaka ana Mark II, ile GX100. Injini yake ni 1G-FE, silinda sita, lita mbili. Kwa wasiojua, hiyo ni gari ya kistaarabu, gari ya baba kupeleka familia kanisani. Ila kaka haendi nayo kanisani, yeye anataka ikimbie. Wiki boom lilipoingia (mnajua siku hiyo simu zinavyoita, hata ndugu uliowasahau wanakukumbuka), akanipigia. Hakusalimia.

"Ticha, nikopeshe boom lako. Nimepata injini ya 1JZ, ya turbo, na giaboksi yake. Nitakurudishia."

Huwa ananiita ticha tangu nichaguliwe kusoma ualimu. Zamani ilikuwa dharau, siku hizi sina uhakika.

Sasa 1JZ-GTE ni mnyama kweli. Lita 2.5, turbo, na kule Japani Toyota waliiandikia nguvu ya farasi 280. Yake ina kama 140. Kwa hiyo mara mbili. Nikamuuliza, "Nguvu zikiwa mara mbili, robo maili utaimaliza kwa nusu ya muda?" Akasema, "Sasa je!" Nikachukua kalamu. Ndiyo faida ya kusoma fizikia, hata kwenye mkopo unapiga hesabu. Ukichukulia kwamba injini inatoa nguvu ile ile njia nzima, muda unafuata mzizi wa tatu wa uzito gawanya kwa nguvu. Yaani ukiongeza nguvu mara mbili, muda unaugawa kwa 1.26 tu. Gari ya sekunde 18 inakuwa ya sekunde 14 na ushee. Ni nyingi, sikatai, lakini si nusu. Na hiyo ni kama tairi zimeshika, giaboksi imevumilia, na mwisho wa njia breki zimekubali.

Hapo kwenye breki ndipo nilipokataa. Na kuna kitu sijawahi kukiandika humu.

Mwaka jana, usiku, kaka aliamua "kuipima" gari barabarani. Mimi nilikaa siti ya mbele kushoto nikiwa na simu, nimefungua saa ya kuhesabu sekunde. Nilifurahi wadau, nisiwadanganye. Nilihesabu kwa sauti, tatu, mbili, moja. Tukaondoka. Kwenye sekunde ya 14 akatokea mzee anasukuma baiskeli ya mkaa, haina taa, magunia mawili. Kaka akakanyaga breki mpaka nikasikia harufu. Gari ikaserereka, ikampita yule mzee kwa urefu wa mkono, ikaingiza tairi ya mbele mtaroni.

Yule mzee akaegesha baiskeli yake, akaja dirishani, akatuambia, "Poleni wanangu."

Poleni! Yeye ndiye alituambia poleni. Nililia kuliko kaka. Maana kaka alikuwa anaendesha, sawa, lakini saa nilikuwa nayo mimi.

Baadaye nilipiga hesabu yake pia. Kwa kilomita 100 kwa saa, hata tairi zikiwa nzuri na lami kavu, unahitaji kama mita 56 kusimama. Ongeza sekunde moja ya kushtuka, ni mita nyingine 28. Jumla 84. Ukifika 130, jumla inapita mita 130. Taa zake za mbele zile zilizofifia hazimulikii hata nusu ya hapo.

Kwa hiyo nikamjibu: theluthi ya boom nakupa, kwa masharti. Kwanza, hununui injini, unanunua tairi nne na breki pedi. Pili, barabarani ndiyo mwisho. Alikuwa ameshaniambia kuna club ya magari inakodi kiwanja cha ndege ndogo kwa siku moja, wanakuja na mashine ya muda. Nikasema tutaenda huko, na mimi nitakuwepo. Akanuna siku tatu. Ya nne akatuma meseji: "Sawa ticha."

Na hata Wamarekani wenyewe walianzia hivyo hivyo. Vijana walikuwa wanashindana barabarani, watu wanalalamika, polisi wanawakimbiza. Mwaka 1950 kule Santa Ana, California, wakaanza kukimbiza magari kwenye kiwanja cha ndege, tena kwa mpangilio. Mwaka uliofuata, 1951, Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, na moja ya nia zake ilikuwa kuwatoa wale vijana barabarani. Kwa hiyo sikuwa namnyima kaka mchezo. Nilikuwa namrudisha ulikozaliwa.

Tukafika asubuhi na mapema. Njia ni robo maili, mita 402. Nikamwambia sheria moja tu: kila mzunguko tunabadilisha kitu kimoja, basi. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hujui kipi kimekusaidia.

Mzunguko wa kwanza, 18.1. Watu walicheka. Kuna kijana alisema hiyo gari imekuja kuchukua abiria. Kaka akaanza kujitetea kwamba alichelewa kuona taa ya kijani. Nikamwambia hiyo haihusu, maana muda wa gari hauanzi taa ikiwaka, unaanza pale gurudumu la mbele linapoacha mwanga wa kwenye mstari. Unaweza kulala hapo sekunde tano na karatasi yako isiharibike. Kisha nikaingiza mkono ndani ya gari nikakuta baridi. Wadau, alikimbia na AC imewashwa!

Mzunguko wa pili, AC imezimwa, 17.9.

Kabla ya wa tatu tukatoa siti ya nyuma, tairi ya spea, jeki, na lile boksi lake la spika ambalo linajaza buti nzima. Kama kilo 80 hivi. Lile boksi alilitoa kwa uchungu kama anazika mtu. 17.6.

Wa nne tukapunguza upepo wa tairi za nyuma kutoka 32 mpaka 24, maana kila mtu anasema ndiyo siri. 17.7, tumerudi nyuma. Nikakaa chini nikafikiri. Ule ushauri ni wa magari yenye nguvu, ambayo tairi zinazunguka bure wakati wa kuondoka. Yetu haina nguvu ya kuzungusha tairi bure hata ungemwaga maji. Tulichopata ni tairi laini na nzito kuviringika. Dawa ya mwingine tumeinywa sisi.

Wa tano tukarudisha upepo. Safari hii akashika breki kwa mguu wa kushoto, akapandisha injini kidogo mpaka kama 1,800, akaachia. Ile karatasi ina muda wa mita 18 za mwanzo pia. Mwanzoni ulikuwa 2.7, sasa 2.45. Pale mwanzoni ndipo penyewe, maana unachookoa hapo kinakufuata njia nzima na mwishoni kinaongezeka. 17.2!

Wa sita jua limeshapanda, hewa ya joto ni nyepesi na injini inavuta kidogo. 17.4. Tukafunga mahesabu.

Sekunde 0.9, na hatukugusa injini. Najua 17.2 ni muda wa kuchekesha, kulikuwa na magari yanayoingia 12 pale. Lakini nilimwona kaka yangu anakunja ile karatasi mara mbili na kuiweka kwenye pochi, nyuma ya kitambulisho.

Tukarudi usiku. Kwenye taa za kuongozea magari ikaja gari nyingine ubavuni, dereva akaanza kuunguza mafuta, vuuu, vuuu, anamwangalia kaka. Moyo wangu ukaruka. Nikatazama mkono wake kwenye gia. Sikusema kitu, na simu yangu nikaiingiza ndani ya mkoba.

Taa ikawaka kijani. Yule akachomoka. Kaka akaondoka taratibu, kama anapeleka familia kanisani.

"Huyo hana karatasi," akasema.

Basi ndiyo hivyo wadau. 1JZ bado anaitaka, jana kanitumia picha yake tena. Nimemwambia tutaongea breki za mbele zikishabadilishwa kuwa kubwa. Hela yangu hajarudisha, kwa hiyo mkiniona nakula chapati maharage mchana na usiku mpaka mwisho wa mwezi msiniulize, mmeshajua. Na mwenye desa la Measurement and Evaluation lililokamilika aniachie ujumbe hapo chini, langu limekatika ukurasa wa 40.

Tuonane wiki ijayo, nikipona hii test.