Gitega na Gishora: Mahali Wafalme Walipoacha Ngoma Zao

Mwezi huu tunawaletea habari ya safari. Si safari ya Ulaya wala ya Marekani, maana hiyo kila mtu anaiota peke yake. Ni safari ya Gitega, na kutoka Gitega mpaka Gishora, kilima ambacho Warundi wanakihesabu kuwa patakatifu tangu enzi za wafalme wao. Tulikwenda walimu wa kujitolea wawili pamoja na wanafunzi 14 wa kilasi za juu.

Mnawajua watoto hao. Wengi walizaliwa hapa kambini, wengine waliingia wakiwa mgongoni mwa mama zao. Kwao nchi hii ni Muyinga tu: kambi, shule, soko, na njia ya kwenda kutafuta kuni. Siku hizi, tangu mikoa ilipobadilishwa mwaka 2025, Muyinga iko katika mkoa wa Buhumuza, lakini sisi na majirani zetu bado tunasema Muyinga. Vibali vya kutoka vilichukua wiki tatu. Tunawashukuru wazazi waliovumilia na hawakuchoka kutuuliza kila siku, "Mwalimu, bado?"

Njia inapita Karuzi. Ni vilima juu ya vilima, migomba, maharage, na watu wenye baiskeli zilizobeba mizigo kuliko gari letu. Ndani ya gari yalikuwa mabishano. Tulikuwa tumewaambia kwamba tunakwenda kuona mahali patakatifu pa zamani. Mmoja akasema lazima kuwe na ukuta mkubwa na milango, kama Yerusalemu ya kwenye Biblia. Mwenzake Mwislamu akasema hapana, itakuwa kama Maka, watu wengi wanazunguka. Sisi walimu tulinyamaza. Na sisi ilikuwa mara yetu ya kwanza.

Gitega yenyewe haina ukuta. Ni mji uliotulia, wenye hewa ya baridi kidogo. Wajerumani waliufanya kituo chao cha utawala mwaka 1912, wakiuita Kitega, na baada yao Wabelgiji wakaendelea nao. Mwaka 2019 ukafanywa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura ikabaki mji mkuu wa biashara. Kwa hiyo vijana waliona magari ya wakubwa yakipita, wakafurahi kuyahesabu. Tuliingia katika jumba la makumbusho la taifa, lililoanzishwa mwaka 1955. Si kubwa, lakini ndani mnakuta vitu vya maisha ya zamani: vikapu vilivyosukwa vizuri sana, vyungu, mikuki, ngoma. Msichana mmoja alisimama mbele ya kikapu akasema, "Huyu ni kama wa bibi." Hakuondoka mpaka tulipomwita mara mbili.

Kutoka mjini mpaka Gishora ni kilometa kama 7. Hapo ndipo tulipoanza kuelewa.

Warundi walimwita mfalme wao mwami. Neno hilo sisi wa Kivu hatuhitaji kutafsiriwa. Wabashi wana mwami, Wafuliru wana mwami, na kwa Warega bwami ni chama cha wazee wenye hekima. Mwami aliyeanzisha Gishora ni Mwezi Gisabo. Alitawala zaidi ya miaka 50, mpaka alipofariki mwaka 1908. Ndiye aliyepambana na Wajerumani mpaka mkataba wa Kiganda wa mwaka 1903. Inasimuliwa kwamba kabla ya hapo alimshinda chifu mmoja mwasi, Ntibirangwa, na baada ya ushindi huo akaweka makao juu ya kilima hiki, akawaachia watu wa ngoma wayatunze.

Na hapa sikilizeni vizuri. Kwa Kirundi, ingoma ni ngoma, lakini ingoma pia ni ufalme. Neno ni moja. Ngoma kubwa kuliko zote, Karyenda, ilikuwa ndiyo alama ya nchi, na ilichorwa hata kwenye bendera ya Burundi ya wakati wa ufalme, baada ya uhuru wa mwaka 1962. Sauti ya ngoma ndiyo iliyoambatana na sherehe ya Umuganuro, pale mwami alipofungua majira ya kupanda mtama. Gishora kulitunzwa ngoma mbili takatifu zenye majina yao kama watu: Ruciteme, yaani yule anayekatiwa msitu, na Murimirwa, yaani yule anayelimiwa.

Sasa tuwaambie ukweli wa vijana wetu. Walipofika na kuona nyumba za nyasi, ua wa miti na uwanja mtupu, mmoja alinong'ona, "Mwalimu, ni hapa tu?" Ndiyo, ni hapa tu. Hakuna dhahabu, hakuna mnara.

Halafu wapigaji wakatoka, ngoma zao vichwani, wakitembea na kupiga wakati huohuo. Wakazipanga nusu duara. Ile ya katikati inaitwa Inkiranya, ndiyo inayoongoza. Nyingine, Amashakwe, zinashika mdundo mmoja bila kuacha. Nyingine tena, Ibishikizo, zinaifuata Inkiranya. Zimechongwa kutoka gogo zima la mti uitwao umuvugangoma, maana yake mti unaoifanya ngoma iseme. Watanzania huuita mringaringa. Juu yake ni ngozi ya ng'ombe. Jamani, mdundo ule hauingii masikioni, unaingia tumboni. Yule aliyeuliza "ni hapa tu" alikuwa ameshika mkono wa mwenzake.

Baada ya hapo kulikuwa na maswali. Msichana mmoja, yule anayepiga ngoma kwenye kwaya hapa kambini, akauliza kama na yeye anaweza kujaribu. Akajibiwa kwa upole kwamba hapana. Kwa mila, ngoma hizi ni za wanaume, na mwaka 2017 amri ya rais iliandika hivyo wazi: wanawake wanaruhusiwa michezo ya kike, si kupiga ngoma. Hakufurahi, na sisi hatukumlazimisha afurahi. Mzee mmoja aliyekuwa karibu akamwambia kwa Kiswahili safi, "Binti yangu, hapa ni nyumba yetu na sheria zake. Kwenu nani hupiga?" Yule binti akafungua mdomo, akaufunga. Alitoka Fizi akiwa na miaka miwili. Hakujua.

Tukamuuliza mzee amejifunza wapi Kiswahili hicho. Kumbe alikuwa mkimbizi Tanzania, kambi ya Mtabila kule Kigoma, mpaka ilipofungwa mwaka 2012. Akatuambia kwamba kambini walikuwa na ngoma. Hazikuwa hizi za Gishora, zilikuwa za kuchonga kulekule kwa mti waliopata. Wazee waliwafundisha watoto jioni, na wale watoto waliporudi Burundi walikuwa wanajua kupiga ingawa kilima hiki walikuwa hawajakiona. "Mwami hayupo siku nyingi," akasema. "Ngoma ingemtegemea yeye, ingekufa naye."

Ni kweli. Ufalme wa Burundi ulifutwa tarehe 28 Novemba 1966, na mwami wa mwisho, Ntare wa Tano, aliuawa hapohapo Gitega mwaka 1972. Hakuna tena jeshi wala hazina ya mwami ya kulinda Gishora. Kilichobaki ni kwamba baba alimfundisha mtoto, na mtoto akamfundisha wake. Mwaka 2014 UNESCO iliiandika ngoma hii ya kifalme katika urithi wa utamaduni wa wanadamu wote. Lakini kabla ya UNESCO kufika, kazi ilikuwa imekwisha kufanywa na familia.

Wazazi, hapo ndipo safari hii ilipotugusa. Sisi tuna tabia ya kusema, "Vyetu vilibaki Kongo." Nyumba ilibaki, ng'ombe alibaki, makaburi yalibaki. Hiyo si uongo. Lakini kuna vitu tulivyovuka navyo mpaka na hatujavifungua. Tumetaja bwami ya Warega. Serikali ya Wabelgiji iliipiga marufuku mwaka 1948, na vinyago vyake vya pembe viko leo katika makumbusho za Ulaya, nyuma ya kioo. Mzungu analipa kiingilio kuviangalia. Mtoto wetu Mrega hapa kambini anaweza kumaliza shule bila kusikia hata methali moja iliyofundishwa kwa kinyago kile, na pengine babu anayeijua analala nyumba ya tatu kutoka kwake.

Wakati wa kurudi, gari lilikuwa kimya mpaka Karuzi. Halafu kijana mmoja akauliza, "Mwalimu, sisi mahali petu patakatifu ni wapi?" Wengine wakaanza kujibu. Mmoja akataja kisima ambacho mama yake anakisemaka kila siku. Mwingine akataja mlima, jina akalisahau. Mwingine akasema atamuuliza babu akifika, kabla hajalala. Hayo majibu yote yalikuwa ya nusu nusu, na nusu nyingine mnayo ninyi.

Kwa hiyo tunaomba jambo moja. Kuanzia Jumamosi ijayo, saa 9 alasiri, tutakaa nyuma ya shule na madaftari. Kila mwanafunzi atakuja na mtu mzima mmoja wa kwao: bibi, mjomba, shangazi, hata jirani wa kijiji kimoja. Tutauliza maswali matatu tu. Kilima au mto gani uliheshimiwa kwenu, na kwa nini? Nani alikuwa na kazi ya kuutunza? Ngoma ilipigwa lini, na nani aliipiga? Hilo la mwisho ni la binti yetu wa kwaya, anataka jibu lake. Wasioweza kuandika, sisi tutaandika. Wanaosema Kibembe, Kifuliru, Kirega au Mashi wasione haya, wanafunzi watatusaidia kutafsiri, na hapo watajua pia ni maneno mangapi yameanza kuwapotea.

Majibu tutayachapa katika ukurasa huu, kila mwezi familia mbili. Wazee wetu wameanza kuondoka mmoja mmoja, mnajua wenyewe tulizika wangapi msimu wa mvua uliopita. Basi msingoje kuitwa mara ya pili. Tunawatakia mwezi mwema, na Jumamosi tuonane.