Mkutubi Aje Darasani, Orientesheni Haitoshi

Wasee, hebu tuongee ukweli kuhusu maktaba ya chuo. Mafresha wengi huizunguka mara moja tu, wiki ya orientesheni. Mnapelekwa kundi zima, mnaonyeshwa rafu, mnaambiwa msipige kelele, kwisha. Hamna asaimenti bado, kwa hivyo hamna cha kutafuta. Lekchara akija kuitisha marejeleo kumi wiki ya sita, hiyo ziara ilishatoka kichwani kitambo.

Hapo komredi anaingia Google, anapata makala inayodai dola 30 ndiyo aisome, anachoka, anamlipa mtu amwandikie. Na huenda chuo chake kilishalipia makala hiyo hiyo! Vyuo vingi vya Kenya viko ndani ya KLISC, muungano wa maktaba unaonunua majarida ya mtandaoni kwa pamoja. Mara nyingi unahitaji tu akaunti ya chuo, hata ukiwa nyumbani. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili na hakuna aliyewahi kutuambia hilo darasani. Nililijua nikiwa nje, akaunti imeshafungwa. Iliniuma, manze. Mzazi alilipa karo, na sikuwahi kufungua hata jarida moja.

Dawa yake si mpya. Kule Indiana, Marekani, kuna chuo kidogo kinaitwa Earlham. Tangu miaka ya 1960, mkutubi mkuu Evan Farber alishirikiana na wahadhiri ili mafunzo ya maktaba yaende sambamba na asaimenti. Kama kazi ni ya bayolojia, mkutubi anaonyesha darasa jinsi ya kusaka makala za bayolojia, wakati huo huo wanapozihitaji. Mtu hasahau kitu anachokitumia leo.

Huku kwetu nafasi iko. Vyuo vingi vina yuniti ya Stadi za Mawasiliano mwaka wa kwanza, na mambo ya maktaba huguswa humo. Shida ni kwamba unakariri maana ya katalogi, unaiandika kwa mtihani, unasonga. Mpeni mkutubi saa moja ndani ya yuniti yenye kazi halisi, mambo yatabadilika.

Klas rep, hii ni yako. Asaimenti ya kwanza ikitoka, mwombe lekchara amwalike mkutubi. Akikataa, nendeni wenyewe maktaba na swali mkononi. Na msitoke kabla ya kuuliza vile mtu anaingia kwa majarida akiwa nyumbani.