Safari ya Mguu Uliovunjika: Kutoka Kirumba hadi Butembo

Upande wa magharibi wa Ziwa Edward, juu ya milima ya Kivu ya Kaskazini, umekaa mji wa Kirumba. Vitabu vya shule havilitaji sana jina lake. Lakini kila dereva wa lori aliyepata kusafiri baina ya Goma na Butembo aujua, kwa kuwa njia kuu namba 2 ya Kongo yapita katikati yake. Kusini yake kuna Kayna, na mbele zaidi Kanyabayonga, ambako nchi yakatika ghafula na kushuka kwenye uwanda wa mbuga ya Virunga. Kaskazini yake njia yapanda kwenye baridi na ukungu. Watu wa huku wengi wao ni Wanande, wakulima hodari wa maharagwe, mihogo na migomba. Na siku ya soko utasikia Kinande na Kiswahili vikichanganyika kama maharagwe ya rangi mbili katika kapu moja.

Njia hii ndiyo inayowapa watu wa Kirumba riziki yao. Ndiyo pia inayowavunja mifupa. Pikipiki zapita mchana kutwa zimepakia abiria wawili watatu, magunia, mbuzi, hata vitanda. Mvua inyeshapo udongo huteleza kama sabuni. Jua liwakapo vumbi huyafumba macho ya dereva. Leo, ndugu wasomaji, twataka kuwachukua katika safari moja juu ya njia hii, wala hatutasafiri ili kutazama milima tu. Tutaufuata mguu mmoja uliovunjika, tuone wapitia mikononi mwa nani, na jinsi watu hao wanavyopasa kufundishwa kazi yao.

KANDO YA NJIA

Tuseme ni mguu wa kijana wa miaka 20 hivi. Tumwite Kambale, kwani katika nchi ya Wanande ni vigumu kupata mtaa usio na Kambale. Pikipiki yake imeteleza kwenye kona na kumwangukia. Mfupa wa muundi umevunjika, ncha yake imetoboa ngozi, na damu yatoka. Watu wakusanyika, na kila mmoja ana shauri lake. Huyu ataka kumwinua asimame. Yule ataka kumpakia juu ya pikipiki nyingine, katikati ya dereva na ndugu yake, mguu ukining'inia. Wa tatu amekwisha kukimbia kumwita mzee wa kijiji, aungaye mifupa kwa vibanzi vya mti na majani.

Tusimdharau mzee huyo. Tangu kale wazee wa namna yake wameunga mikono na miguu mingi, na mfupa uliovunjika ndani, ngozi ikiwa nzima, mara nyingi hupona mikononi mwao. Hata huko Ulaya mambo yalianza vivyo hivyo. Hugh Owen Thomas wa Liverpool, ambaye Waingereza humhesabu kuwa baba wa utabibu wa mifupa nchini mwao, alikuwa mtoto wa mwunga mifupa wa kisiwa cha Anglesey ambaye hakupata kusoma chuo cha udaktari.

Lakini katika mguu kama wa Kambale mzee ana hatari mbili. Ya kwanza ni kidonda: majani na udongo vikiingia katika mfupa ulio wazi, usaha utakaa humo miezi na miaka, na ugonjwa wa pepopunda waweza kuja pamoja nao. Ya pili ni kamba. Mguu uliovunjika huvimba. Vibanzi vilivyokazwa asubuhi huwa kitanzi jioni. Nyama ya mguu ikikosa damu muda wa saa 6 hivi, yaanza kufa. Wapo watu ambao mguu wao ulikatwa, si kwa sababu ulivunjika, bali kwa sababu ulifungwa vibaya.

DAKTARI ALIYE PEKE YAKE

Twende mbele. Kambale afikishwa kwa daktari kijana. Katika hospitali za milima hii daktari ni mtu wa kazi zote: asubuhi ampasua mama aliyeshindwa kuzaa, mchana atibu malaria ya watoto, jioni aletewa mguu. Bingwa wa mifupa, akiwapo, yuko mji mkubwa, mwendo wa siku nzima wakati wa mvua. Basi swali kubwa si kama nchi ina mabingwa wangapi. Swali ni hili: daktari huyu mmoja, alipokuwa mwanafunzi, alifundishwa nini juu ya mguu huu?

Ikiwa alifundishwa vema, atatenda kwa utaratibu. Kwanza hatautazama mguu kabla ya kumtazama mtu. Mguu uliovunjika huvuta macho ya wote, lakini kinachoua upesi ni pumzi iliyozibwa, na damu inayomwagika kifuani au tumboni pasipo kuonekana. Mfupa wa paja peke yake, hata kama ngozi haikupasuka, waweza kumwaga lita 1 ya damu na zaidi ndani ya nyama.

Pili, vidole vyake vitatafuta mpigo wa damu chini ya kifundo na nyuma yake. Ataunyosha mguu taratibu, kisha ataupima mpigo mara nyingine. Asipousikia, ajua kwamba saa inahesabiwa.

Tatu, atampa mgonjwa dawa ya kuua vijidudu mapema, ndani ya saa ya kwanza ikiwezekana, pamoja na sindano ya pepopunda. Kisha atakiosha kidonda kwa maji safi mengi, si kikombe kimoja bali lita nyingi, na kuiondoa nyama yote iliyokufa.

Nne, naye hapa ndipo ajaribiwapo kijana, hatakishona. Jamaa watasikitika kuona kidonda kimeachwa wazi chini ya kitambaa safi, watadhani daktari ni mvivu. Lakini kidonda kichafu kilichoshonwa upesi ni nyumba iliyofungiwa mwizi ndani. Atangoja siku 4 au 5, akitazame tena, na kikiwa safi ndipo akifunge. Mafundisho haya yalilipiwa kwa maisha ya askari wengi katika vita vya karne iliyopita, na madaktari wa Msalaba Mwekundu huyashika hata leo.

KUPANDA NA KUSHUKA

Sasa ampeleke Butembo. Njia yapita Kaseghe, yapanda Alimbongo, ambako abiria hujifunika mablanketi hata mchana, kisha yateremka mpaka Lubero. Baina ya Lubero na Butembo msafiri auvuka mstari wa Ikweta, na karibu na mwisho wa safari apita misioni ya Musienene. Jicho la mgeni laona milima mizuri. Mgonjwa haoni milima. Yeye huhesabu mashimo. Mguu usiofungwa imara, kila shimo ni kisu: ncha za mfupa zakata nyama na mishipa upya, na maumivu pamoja na kupotea kwa damu vyaweza kumwua mtu kabla hajafika.

Jambo hili lilijulikana kwa uchungu katika vita vya 1914 hadi 1918. Askari waliovunjika paja kwa risasi walichukuliwa kwa machela pasipo kufungwa vema, nao madaktari wa wakati ule waliandika kwamba karibu 80 katika kila 100 walikufa. Ndipo Robert Jones, aliyefundishwa kazi na Thomas wa Liverpool, alipowahimiza watumie gango la mwalimu wake: pete ya chuma pajani, vyuma viwili kandokando ya mguu, na kamba ya kuuvuta mguu unyoke. Wachukuzi wa machela walifundishwa kulifunga hata wakiwa wamefumbwa macho, ili walijue gizani. Waliokufa wakapungua, wakawa chini ya 20 katika 100. Kifaa kilikuwa cha zamani, na Thomas mwenyewe alikuwa amekufa tangu 1891. Kilichookoa watu ni kwamba wachukuzi wa kawaida walifundishwa, na ya kuwa kazi ilifanywa kabla ya safari kuanza.

BUTEMBO, NYUMBA YA MASOMO

Butembo ni mji wa wafanya biashara, karibu mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Humo ndimo kilimo Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, kilichoanzishwa mwaka 1989, wakati wa Askofu Emmanuel Kataliko. Neno "graben" ni la Kijerumani, nalo lataja handaki kubwa la ardhi, yaani bonde la ufa lililo mashariki ya milima hii. Chuo kina idara ya udaktari na hospitali yake ya kufundishia. Maana yake ni kwamba mtoto wa Kirumba hana lazima ya kwenda Kinshasa, mbali kuliko nchi nyingi za jirani, ili awe daktari.

Uganga wa mifupa haufundishwi kwa kitabu peke yake. Mwalimu mwema huwaambia wanafunzi wafungane plasta wao kwa wao, kisha huwaacha wakae nayo mchana kutwa, wajue jinsi inavyowasha na kubana. Huwafundisha kwamba plasta ya mguu uliovunjika leo lazima ipasuliwe urefu wote, ili uvimbe upate nafasi. Huwafundisha kumsadiki mgonjwa anaposema usiku, "Daktari, maumivu yanazidi." Kwani maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, tena yanayomtia mtu kilio vidole vya mguu vinyooshwapo, ni ishara ya damu iliyozuiwa, daktari asingoje asubuhi.

Tena mwalimu mwema hufundisha kwa vifaa vilivyopo. Profesa Ronald Huckstep, aliyefundisha Makerere na Mulago katika nchi jirani ya Uganda miaka ya 1960, alionyesha kwamba vyuma vya kushikiza miguu ya watoto waliopooza kwa polio vyaweza kutengenezwa kwa vitu vya nchini. Huko Marekani Daktari Lewis Zirkle alianzisha mwaka 1999 shirika la SIGN, linalotoa msumari wa kuingizwa ndani ya mfupa pasipo mashine ya eksirei wakati wa kupasua. Na karibu nasi, katika Goma, Daktari Jo Lusi, mpasuaji wa mifupa, pamoja na mkewe Lyn, walianza mwaka 2000 kazi iliyokuwa hospitali ya HEAL Africa, ili kuwatibu watu na kuwafundisha madaktari vijana wa Kongo. Mwezi wa Januari 2002 moto wa mlima Nyiragongo uliiteketeza nyumba yao, wakajenga tena.

NYUMBA YENYE MAJERAHA

Nyumba za masomo za huku zimejua majeraha zenyewe. Toka Agosti 2018 hata Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu 2,287 katika nchi hii ya Beni, Butembo na jirani zake. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Graben, wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya la Ulimwengu.

Kisha vita vikaijia njia yenyewe. Mwisho wa Juni 2024 Kanyabayonga ilitekwa na waasi wa M23, na mara baada yake Kirumba. Watu wengi mno walishika njia ya kaskazini wamebeba magodoro vichwani. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo mapigano yalifika Alimbongo. Basi fikirini, ndugu zangu, njia tuliyoipita na Kambale ilikatwa katikati. Njia ikikatwa, hakuna kumpeleka mgonjwa kwa bingwa. Kila ajualo daktari aliye upande ule, au muuguzi wake, ndilo litakalomponya mtu, wala hakuna jingine. Kwa hiyo yafaa kila mwanafunzi wa udaktari afundishwe mambo haya ya kwanza ya mifupa na majeraha, hata akitaka baadaye kuwa daktari wa macho au wa watoto. Hajui siku ile atakuwa wapi.

KURUDI NYUMBANI

Kambale wetu akitunzwa hivyo, atakaa miezi mingi: wiki nyingi kitandani na plastani, kisha magongo, kisha fimbo. Mfupa wa muundi uliotoboa ngozi mara nyingi hutaka nusu ya mwaka kuungana. Mbuzi watauzwa, pengine na shamba litawekwa rehani. Lakini atarudi kwa miguu miwili, atalima na kulea watoto wake. Asipotunzwa hivyo, gharama ni ya maisha yote, naye mwenye kuilipa si yeye peke yake.

Basi nasi tulio kando ya njia tujifunze sehemu yetu. Mtu akianguka, tusimsimamishe. Damu ikitoka, tuikandamize kwa kitambaa safi. Kidonda tukifunike, tusitie jani wala udongo. Mguu tuufunge pamoja na kibao au fimbo mbili, juu na chini ya pale ulipovunjika, kamba isikaze kupita nafasi ya kidole kimoja. Tumlaze juu ya machela, hata ikiwa ni mlango uliong'olewa, na vidole vya mguu viachwe wazi tuvitazame njiani. Vikiwa baridi au vyeupe, tulegeze kamba.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, pengine mmoja wenu ndiye atakayesimama jioni moja mbele ya mguu wa Kambale, taa ikiwa ndogo na bingwa akiwa mbali. Siku ile haitakuwapo nafasi ya kufungua kitabu. Jifunzeni sasa.