Kaske au Vinasa Sauti?

Mwaka huu chama cha wanafunzi wa idara yetu kina pesa kidogo sandukuni, na tumeulizwa tuzitumie namna gani. Wenzangu kadhaa wamependekeza tununue kaske ya uhalisia pepe, ile inayofunika macho na kumwingiza mtu ndani ya mchezo kana kwamba amesimama humo kwa miguu yake. Wengine, nami ni mmoja wao, twataka vinasa sauti. Kwa sababu hiyo tumeitwa wazee. Mdogo mmoja wa mwaka wa kwanza aliniambia: "Yaya, weye unasoma luga za bankambo, lakini haiko lazima uishi kama bankambo." Watu walicheka, nami nikacheka. Lakini swali lake si la kipuuzi, na linastahili jibu refu kuliko lile nililompa siku ile.

Nianze na jina. Waandishi wa Kiswahili sanifu hupenda kusema "miwani ya uhalisia pepe", wakifuata mfano wa barua pepe. Sisi huku tumechukua neno la Kifaransa linalotumika pia kwa kofia ya mwendesha pikipiki na kwa vyombo vya kusikilizia muziki, tukalipa sauti zetu: kaske. Nitaliandika hivyo, maana ndilo neno nililolisikia kila mahali nilipokikuta chombo chenyewe.

Chombo si kipya kama tunavyodhani. Mwaka 1968, huko Marekani, Ivan Sutherland alikwisha kutengeneza kifaa cha kuvaa kichwani kilichoonyesha michoro ya kompyuta na kuibadilisha kadiri mvaaji alivyogeuza kichwa. Kilikuwa kizito hata kikaning'inizwa kutoka darini. Mchezo wa nyumbani ulikuja baadaye sana: kampuni ya Oculus ilianza kuchangisha pesa za kaske yake mwaka 2012, na mwaka 2014 Facebook ikainunua kwa takriban dola bilioni 2. Mwaka 2019 ilitoka Quest, ambayo haihitaji kompyuta pembeni. Quest 3S ilipotoka Oktoba 2024 iliuzwa Marekani kwa dola 299. Kanuni ni ileile katika zote: kila jicho hupewa picha yake, tofauti kidogo na ya jicho la pili, na picha hizo huchorwa upya mara nyingi kwa sekunde moja ili zifuate mwendo wa kichwa. Picha ikichelewa, au macho yakiambiwa kwamba mwili unatembea wakati miguu imesimama, kichwa huzunguka na tumbo huchafuka.

Kwa nini basi mwanafunzi wa isimu aitamani? Kwa sababu lugha zetu zimejaa mahali. Kiswahili sanifu husema "nyumbani", kisha huachia upatanisho uamue: nyumbani kwake, nyumbani mwake, nyumbani pake. Sisi wa Lubumbashi huamua mapema, mbele ya jina: ku nyumba, mu nyumba, pa nyumba. Lakini tunaamuaje? Kopo iko pa meza au ku meza? Niliwauliza wanafunzi watano wa rika langu, wote wazaliwa wa mji huu, wakabishana mpaka tukakosa basi. Swali la namna hii halijibiwi kwa kukaa na kufikiri. Mtu aonyeshwe kitu, aseme bila kujichunga.

Wataalamu wana vyombo vya kazi hiyo. Kila aliyesoma somo la uchunguzi wa uwandani amekutana na michoro 71 ya Bowerman na Pederson, ya mwaka 1992: kikombe juu ya meza, tofaa ndani ya bakuli, pete kidoleni. Msemaji hutazama mchoro na kusema kitu kiko wapi. Michoro hii imesaidia sana, lakini ni bapa. Mbali ya karatasini si mbali ya kweli, na hakuna mchoro unaoweza kumweka msemaji mwenyewe ndani ya kikapu, au kumzungusha kitu kikiwa mgongoni pake. Kaske yaweza. Taasisi ya Max Planck ya Nijmegen, Uholanzi, ambako michoro ile ilitengenezwa, ina maabara ya uhalisia pepe kwa ajili ya utafiti wa lugha. Wasemaji wote hukuta mahali palepale, kitu kilekile, umbali uleule. Kwa mtafiti hiyo ni neema kubwa, nami siikatai.

Kwa hiyo nilikwenda kuivaa mwenyewe kabla ya kusema lolote. Katikati ya mji kuna chumba cha michezo ambako mtu hulipa franka elfu mbili kwa dakika tano. Televisheni iliyo ukutani huonyesha kile anachokiona mchezaji, na wanaongoja zamu hukaa kwenye viti vya plastiki wakitazama. Nilicheza zamu yangu, nikatoka jasho, nikafurahi. Orodha ya lugha niliyofunguliwa haikuwa na Kiswahili. Maagizo yote yalikuwa kwa Kiingereza, na mimi niliyekuwa ndani sikuwa na la kusema isipokuwa kubonyeza. Dakika tano zile sikutamka sentensi hata moja.

Nilipoivua na kukaa kwenye kiti cha plastiki ndipo nikasikia lugha. Chumba kizima kilikuwa kikisema. "Geuka ku kuume!" "Iko nyuma yako!" "Njo hii!" "Hii gani?" Mchezaji alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano. Alianza akiitazama televisheni, lakini kwa kuzunguka-zunguka akawa sasa ametuelekea sisi, hali televisheni iko mgongoni pake. Mtu akisimama hivyo mbele yako, kushoto kwake ni kuume kwako. Hata hivyo hakuna aliyekosea. Wote walitumia kushoto cha mchezaji, kwa kuwa televisheni ilikuwa imewaazima macho yake.

Kisha kijana akaanza kurudi kinyumenyume. Chombo huchora mpaka wa hatari machoni mwa mchezaji, lakini chumba kilikuwa kidogo na mchezo ulikuwa mtamu. Rafiki yake akapaza sauti: "Kushoto! Meza!" Kijana akageuka kushoto akitafuta meza ndani ya mchezo. Hakuikuta. Rafiki akaongeza neno moja: "Meza ya kweli!" Kijana akasimama papo hapo.

Baada ya hapo nilihesabu. Katika muda wa saa moja na nusu nilisikia "ya kweli" mara kumi na moja: meza ya kweli, ukuta ya kweli, na mara moja, mama mwenye chumba alipoingia kudai pesa, "mama ya kweli". Hakuna aliyewafundisha vijana hawa. Wanaishi mahali pawili kwa wakati mmoja, na viashiria vya lugha havikutengenezwa kwa hali hiyo, kwa kuwa "hapa" humtaka msemaji awe mahali pamoja. Wameziba pengo kwa maneno waliyokuwa nayo mfukoni. Na tazameni upande walioupa alama: kitu cha mchezo husemwa kitupu, "meza", na kitu cha dunia ndicho kinachoongezewa neno. Muda wa mchezo, mchezo ndio ukawa hali ya kawaida. Sijui insha ya kumaliza masomo ambayo isingefurahi kuwa na sura moja juu ya jambo hilo.

Hapo ndipo msimamo wangu ulipokaa sawa. Lugha niliyoitafuta ndani ya kaske ilikuwa nje yake, kwenye viti vya plastiki. Ili kuipata hatuhitaji kumiliki kaske. Mwenye chumba anayo tayari, analipa umeme wake, anatengeneza mkanda unapokatika. Tunachohitaji ni ruhusa yake, ridhaa ya vijana na ya wazazi wao, na chombo cha kunasa sauti nane zinazopishana katika chumba chenye kelele.

Mtanijibu: na majaribio ya viashiria, yale ya umbali uliopimwa? Hapo kaske ina nguvu, lakini ina mshindani asiye na bei. Mwaka 1999 David Wilkins aliandika hojaji ya viashiria yenye matukio 25. Mtafiti huweka kitu karibu na msemaji, karibu na msikilizaji, mbali na wote wawili, mara kinaonekana, mara hakionekani, na kusikiliza: hiki, hicho, kile. Kwa kazi hiyo ua, mpira na watu wawili vinatosha, na watu hao wanaonana usoni. Aliyevaa kaske hamwoni anayesema naye, hali "hicho" ni neno la kumjali msikilizaji. Sitaki kumpima msemaji wa "hicho" baada ya kumfunga macho asimwone mwenzake.

Tena kuna jambo la kudumu. Google ilitoa kaske yake ya Daydream mwaka 2016 na kuiacha mwaka 2019. Oculus Go ilitoka 2018, na mwaka 2020 ikaachwa. Mchezaji hujua hilo na hanunui chombo ili wajukuu wake wakikute. Idara ya lugha hununua kwa hesabu nyingine. Mwaka 1965, katika mji wetu huu, André Yav aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya Elisabethville, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ilipigwa kwa mashine, ikazidishwa kwa nakala za karatasi hafifu, kwa tahajia isiyo ya shule. Mwaka 1990 Johannes Fabian aliitoa kama kitabu, pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho, na leo kila anayechunguza Kiswahili cha Katanga huanzia hapo. Karatasi ile haikuhitaji akaunti wala programu mpya ili isomeke baada ya miaka 25. Sauti iliyonaswa katika faili la kawaida nayo hufunguka kwenye kompyuta yoyote. Lakini jaribio lililojengwa kwa ajili ya kaske moja laweza kuzikwa pamoja nayo.

Nirudi kwenye sanduku la chama. Idara ina kinasa sauti kimoja kizuri, na sisi tunaoandika juu ya lugha za wazazi wetu tu kumi na wanne. Tunapeana zamu. Yangu, kwa Kisanga cha upande wa mama, ilifika mwezi wa pili, mvua zikiwa zimepamba moto. Mjomba wangu alisimulia hadithi tatu chini ya bati. Kisanga ni lugha ya toni, na mwisho wa sentensi sauti ya mzee hushuka hadi kuwa pumzi tu. Katika faili langu pumzi hiyo ni mvua. Nilinasa tena kwa simu mwezi wa tano, anga likiwa limekauka, lakini simu hujaribu kufuta kila sauti ndogo inayoidhani kelele, na miisho ya sentensi za mjomba ikafutwa pamoja nayo. Kwa sura yangu ya toni nina mifano arobaini mahali ambapo ningekuwa na mia mbili. Wenzangu kumi na watatu wana hadithi za namna hiyo, kila mmoja na mvua yake.

Kinasa cha mkononi kama Zoom H1n kilipotoka mwaka 2018 kiliuzwa Marekani kwa dola takriban 120. Kwa bei ya kaske moja ya dola 299, kabla ya kuhesabu usafiri, twapata viwili, na chenji ya kununua betri ndogo zinazouzwa kila duka. Kaske huchoka baada ya saa mbili au tatu na kudai umeme, na umeme wa mtaani kwangu hauna ratiba.

Kwa hiyo, je, kaske ina faida? Kwa mchezo, ndiyo: nimecheza, nitarudi, na simlaumu anayejiwekea akiba anunue yake. Kwa maabara yenye umeme, fundi na swali lililokwisha kupimwa kwa mpira uani, ndiyo pia. Siku ambayo mmoja wetu atakuwa na programu iliyojengwa hapa, yenye soko letu, kikapo chetu na maagizo kwa lugha zetu, nitaichangia mimi wa kwanza. Kwa sanduku letu la mwaka huu, hapana.

Napendekeza vinasa viwili. Kimoja kiende vijijini kiangazi, kuanzia mwezi wa tano, zamu za majuma mawili-mawili, ili hakuna anayelazimika kushindana na bati. Cha pili kibaki mjini, na safari yake ya kwanza iwe kile chumba cha michezo, juu ya kiti cha plastiki karibu na televisheni. Mdogo wangu aliyeniita mtu wa bankambo anakijua chumba kile kuliko mimi. Nimemwomba awe mshika-kinasa.